Mayai Yasiyo ya Mnyoo

Mama mdogo alikula sahani nzima ya uyoga ule mbele ya kapita, mkuu wa kijiji, mbele ya wazee wa kanisa, na mbele ya wanaume saba ambao wiki hiyohiyo walikuwa wamebebwa kwa machela hadi kwenye zahanati yetu baada ya kula uyoga uleule. Alikula bila haraka. Alifuta sahani kwa tonge la mwisho la bugali, akaomba maji. Watu walikaa wakimtazama tangu jua lilipokuwa juu ya malisho ya kijiji chetu cha Mushaki hadi ng'ombe waliporudishwa zizini. Hakutapika. Hakushika kifua. Alipochoka kutazamwa aliuliza kama anaweza kwenda kumalizia kupalilia maharage yake, maana mvua ilikuwa inakuja.

Mimi ndiye niliyekuwa nimewaambia watu wote kwamba uyoga ule hauna sumu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, na ushahidi wangu ulikuwa vipande vya kioo visivyozidi upana wa kidole. Ili nieleze nilivyofika pale, sina budi kuanza na minyoo.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Daktari mzungu wa zahanati yetu alikuwa amerudi kwao na hakuja mwingine. Tulibaki watatu: muuguzi mkuu, mtawa mmoja mzee ambaye sote tulimwita Masere, yaani dada kwa Kifaransa, na mimi niliyefundishwa kazi ya maabara kwa miezi michache, ambaye wagonjwa walimwita Mamzele. Maabara yenyewe ilikuwa meza moja chini ya dirisha la mashariki. Juu yake ilisimama hadubini ya shaba aliyoiacha daktari. Watu waliiita mikroskopi, na wengine waliamini kwamba inaona dhambi. Haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini, nami nilikigeuza hadi kikamate mwanga wa jua. Ukungu wa Mushaki ukichelewa kuondoka, kazi nayo ilichelewa, na wagonjwa walikaa ukutani na makopo yao wakisubiri jua pamoja nami.

Nilijifunza mayai ya minyoo kwa kuyachora. La mchango mkubwa lina ganda lenye manundu. La safura ni jembamba, unaona ndani yake kama kwenye yai lililoshikiliwa mbele ya moto. La mjeledi ni pipa dogo lenye kizibo kila upande. Nilikuwa na daftari la mraba na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, na kila nilichokiona nilikiandika kwa mpangilio: siku, kijiji, umri, nilichoona, dawa iliyotolewa.

Katika msimu wangu wa pili wa mvua lilitokea yai nisilolijua. Lilikuwa na umbo la punje ya kahawa, rangi ya kahawia inayokaribia weusi, laini, na kwenye ncha moja lilikuwa na kitundu kama dirisha. Nililipata kwa mtu mmoja, kisha kwa wanne, kisha karibu kila asubuhi, kwa wagonjwa wa vijiji vya upande wa msituni. Niliandika: yai la mnyoo usiojulikana. Tuliwapa dawa. Walikunywa, wakarudi, na mayai yalikuwa palepale. Sitaficha kwamba nilifurahi. Kichwani nilikuwa nimeanza kutunga barua ya kwenda Ulaya kuwaeleza kuhusu mnyoo wa Masisi, milima yetu.

Masere alipitia daftari langu siku moja, akashusha miwani.

"Mutoto, hawa bantu balikula nini?"

Sikuwa nimeuliza. Nilitoka nje na kumuuliza mzee wa kwanza ukutani.

"Buyoga," alisema. "Iko muvua, tutakula nini? Na wewe Mamzele unakulaka nini, dawa?"

Ukuta mzima ulicheka. Jioni ile nilikwenda kwa mama mdogo, nikaomba uyoga mmoja kutoka kwenye kitunga chake, na asubuhi nikakwangua vumbi la chini ya kofia yake, nikaliweka chini ya kioo pamoja na tone la maji. Yalikuwa mayai yangu, kumbe ni mbegu za uyoga. Maelfu yake, yamelala kifudifudi kama maharage yaliyoanikwa.

Masere alicheka hadi akafuta machozi. "Mwezi muzima," alisema, "tulitibisha buyoga!"

Nilichukua kalamu nyekundu nikayafuta yote, ukurasa baada ya ukurasa. Lakini tangu siku ile nilifungua daftari jingine, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika.

Mama mdogo alikuwa mke wa mdogo wake baba. Hakuwa mtu wa milimani. Alizaliwa upande wa Walikale, karibu na Mpofi, kule ambako barabara inateremka na joto linapanda na miti inafunga anga. Baba mdogo alikuwa amekwenda huko kufanya biashara ya mafuta ya mawese, akarudi na mafuta na mke. Kwetu, watu walilima maharage na mihogo kwenye miteremko na kwenda kanisani. Uyoga walikula ule wa kichuguu tu, mkubwa, ambao hata kipofu angeutambua kwa harufu. Yeye alikula aina ambazo majirani walizipiga teke. Walimwita "mutu wa pori" mbele yake, naye aliwajibu, "Pori njo dukani kwetu, na halifungiki siku ya Mungu."

Alifunga ujuzi wake kwenye vidole. Hakujua kusoma. Aliushika uyoga kabla ya kuung'oa, akatazama umesimama juu ya nini: kisiki, kinyesi cha ng'ombe, majani yaliyooza, udongo mtupu. Alichimba kwa kijiti kuzunguka mguu ili kuona kama chini kuna kifuko. Alikata nyama, akahesabu kimoyomoyo huku akingoja kama itabadilika rangi. Alinusa. Mwisho aliweka kofia juu ya jani la mgomba, akaifunika kwa bakuli, na kufikia alasiri vumbi lilikuwa limeanguka juu ya jani: jeusi, la waridi, la kutu, au jeupe. Jeupe alilichunga sana. "Nyeupe iko na mazuri na iko na wauaji," alisema. "Nyeupe usiamini uso wake."

Mimi nilibadilisha jani tu, nikaweka karatasi, nusu nyeupe na nusu niliyoipaka masizi ili vumbi jeupe lionekane. Halafu nilipeleka vumbi kwenye hadubini na kuchora. Kila aina ilipata ukurasa: mahali, siku, mguu, kofia, harufu, rangi ya vumbi, na chini kabisa mchoro wa mbegu. Juu ya ukurasa niliandika jina alilonipa yeye kwa lugha ya kwao, na mahali ambapo hakukuwa na jina aliunda moja papo hapo. Aina moja tuliiita Sikio la Kapita. Nyingine Shemeji Mulevi, kwa sababu haiwezi kusimama wima.

Siku moja nilimpeleka zahanati aone mwenyewe. Aliinama juu ya hadubini akiwa amefumba jicho lisilofaa. Nikamsahihisha.

"Hii yote iko mu kofia moja?"

"Hata robo yake siyo, mama mdogo."

"Basi hatuwezi kuzimaliza," alisema, na akashusha pumzi kama mtu aliyeambiwa kwamba ghala limejaa.

Mara mbili nilishuka naye hadi Mpofi kuwaona ndugu zake. Barabara ilikuwa ya matope, na tulilala njiani kwa watu wa kanisa. Siwezi kusahau asubuhi za kule: maji yakidondoka kutoka kwenye majani muda mrefu baada ya mvua kukatika, na mama mdogo akitembea mbele yangu bila viatu, akisimama ghafla, akinyoosha mkono nyuma kunizuia nisikanyage kitu ambacho mimi sijakiona. Huko hakuwa mtu wa pori. Alikuwa mtu aliyerudi nyumbani. Alikusanya aina tano, akafunga kila moja kwenye jani lake peke yake kabla ya kuiweka kwenye kitunga. Hiyo ilikuwa sheria yake na hakuivunja hata tukiwa tumelowa na kuchoka.

"Wake wenza hawalali kitanda kimoja," alisema, akikaza kamba ya jani.

Naomba msomaji aikumbuke sheria hiyo.

Uyoga wa kesi yetu ulikuwa wa kawaida kabisa huku juu. Uliota kwa mafungu kwenye malisho, palipokuwa na visiki vya miti iliyokatwa zamani. Kofia yake ilikuwa ya kijivu kama yai la ndege, na usipoupika siku hiyohiyo uliyeyuka na kuwa wino mweusi. Niliwahi kuuandikia kwa wino wake mwenyewe kichwa cha ukurasa wake. Mama mdogo aliupika kwa karanga, na tuliula mimi, yeye, baba mdogo na watoto wao kwa misimu mitatu. Mbegu zake ndizo yale mayai yangu ya kwanza.

Jirani mmoja alikuwa na shamba kubwa la kuinua matuta, akaita wanaume wamsaidie kama ilivyo desturi: unalima asubuhi, mwenye shamba anakulisha, halafu inaletwa kasiksi, pombe ya ndizi. Mke wa mwenye shamba aliona chakula hakitatosha. Alikwenda kwa mama mdogo, akampa maharage, akapewa kitunga cha uyoga wa kijivu. Akaukatakata, akaupika kwa karanga, akasonga na bugali. Wanaume tisa walikula uani. Wanawake watatu walikula jikoni.

Kabla jua halijashuka walianza kuletwa kwetu. Nyuso zilikuwa zinawaka, macho mekundu, mioyo ikipiga kiasi kwamba niliona mashati yakitikisika. Walitapika. Mmoja aliniuliza kama ni kifo, nikamwambia hapana bila kujua. Tuliwapa maji, tukawalaza, na kufikia jioni wote walikuwa wamekaa wakilalamika juu ya mikeka. Hakufa mtu. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutembea kijijini: sumu. Kwetu neno hilo likishashika jina la mtu haliachii kwa urahisi.

Kapita alitangaza kwamba Jumamosi atawasikiliza watu. Kila mtu alijua hukumu itakuwa nini ikiwa mama mdogo atashindwa: angerudishwa Mpofi. Na watoto wake wanne wangebaki, kwa sababu watoto ni wa ukoo wa baba. Mdogo kabisa alikuwa bado ananyonya.

"Mi sikuweka kitu," aliniambia. Hakulia. Alikuwa anachambua maharage na vidole vyake vilikuwa vinatupa mazuri pamoja na mabaya. "Unipime. Ile mashini yako inipime."

Nilikuwa na siku tatu. Kwanza nilikwenda kwa mpishi, mke wa mwenye shamba. Alikuwa ameogopa hata kuosha chungu. Kilikuwa nyuma ya nyumba, kimefunikwa kwa jiwe. Kwa macho usingetambua chochote humo, ni karanga na vipande vyeusi. Nilichota mabaki sehemu tatu, juu, katikati na chini, nikatengeneza vioo vitatu.

Kisha nilifanya kile ambacho Masere alinifundisha kwa kuniaibisha: niliuliza watu walikula nini. Nilikwenda nyumba kwa nyumba na kuuliza wote kumi na wawili maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Ulikula kiasi gani? Ulikaa wapi? Ulikunywa nini? Lini mwili ulianza? Wanaume saba waliougua walikunywa kasiksi. Wawili ambao hawakuugua walikuwa mzee wa kanisa, ambaye hanywi, na kijana aliyekuwa anameza dawa zetu na aliyeogopa kuzichanganya na pombe. Wanawake watatu hawakuugua. Pombe ilikuwa haijawafikia jikoni wanaume walipoanza kuanguka.

Nikaandika upande wa ukurasa: pombe ndiyo mbaya? Lakini mtengenezaji wa ile kasiksi alikuwa ameuza mtungi mwingine wa pipa lilelile kwa watu waliokuwa wanajenga ng'ambo ya kilima. Nilikwenda huko. Walikuwa wamekunywa hadi wakaimba, na hakuna aliyeumwa hata kichwa zaidi ya kawaida.

Jibu nilipewa na bibi mzee wa nyumba ile, mama mkwe wa mpishi. Alikuwa mmoja wa wale watatu wa jikoni. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba asubuhi ya pili aliona pombe imebaki na akaona ni dhambi kuimwaga.

"Kikombe kimoja tu, Mamzele. Kidogo vile. Njo uso ukaanza kuwaka kama nimeinamia jiko. Nikatapika. Usiambie kapita, atasema mi mulevi."

Alikuwa hajala uyoga tena tangu jana yake.

Nilikaa juu ya jiwe nje ya nyumba yake nikatazama daftari langu. Aliyekula bila kunywa, mzima. Aliyekunywa bila kula, mzima. Aliyefanya yote mawili, hata kama usiku mzima umepita katikati, mgonjwa. Halafu nikaelewa kwa nini sisi hatukuwahi kujua. Baba mdogo alikuwa ameacha pombe tangu alipobatizwa, na nyumbani kwake hakikuingia kikombe cha kasiksi. Misimu mitatu tuliujaribu uyoga ule katika nyumba isiyo na pombe, ambamo hauwezi kumdhuru mtu.

Ilibaki kuthibitisha kwamba ndani ya chungu kile mlikuwa na uyoga huo na si mwingine. Ijumaa ukungu uliondoka mapema. Kioo cha kwanza: mbegu nyeusi, dirisha kwenye ncha. Cha pili: vilevile. Cha tatu, cha mabaki ya chini: nyeusi, nyeusi, nyeusi, kisha moja isiyo na rangi.

Nilidhani ni kiputo cha hewa. Viputo vina ukingo mnene. Hii haikuwa nao. Ilikuwa yai safi, kubwa kuliko zile nyeusi, laini, na inapitisha mwanga. Niliendelea kusogeza kioo mstari kwa mstari hadi nikamaliza. Zilikuwa tano. Mbegu tano zisizo na rangi, za uyoga wenye vumbi jeupe. Nilifungua daftari nikalinganisha na kila ukurasa. Hazikuwemo.

Njiani kuelekea kwa kapita, Jumamosi, mama mdogo alitembea kando yangu akiwa amembeba mtoto mgongoni.

"Mu ile chungu," aliniuliza, "ulikuta ya kwangu?"

"Nilikuta yako, mama mdogo."

Hakuuliza zaidi.

Nilisimama nikasoma daftari langu. Nilieleza nani alikula, nani alikunywa; zile mbegu tano nikaziacha. Bibi mzee sikumtaja; alijitaja mwenyewe, akasimama na fimbo yake na kusema yote, na watu walicheka hata kapita akaficha mdomo. Mmoja wa wale saba, mtu wa maneno mengi, aliruka juu.

"Hii njo hila ya bapadri! Banataka kutukataza pombe, sasa banatuma buyoga!"

"Basi ukule tena, halafu unywe," kapita alimwambia. "Mutungi uko pale."

Mtu yule alikaa chini.

"Na kama Mamzele anadanganya?" mwingine aliuliza. "Huyu ni mutoto wao."

Hapo ndipo mama mdogo aliponipa mtoto wake, akafungua kitunga. Alikuwa ameuchuma uyoga wa kijivu asubuhi ile. Aliupika pale uani, kwenye moto wa kapita, kwa chungu cha mke wa kapita na karanga za mke wa kapita, na yaliyofuata nimekwisha kuyasimulia. Nilimshika mtoto muda wote. Niliamini kila neno nililosema, na bado nilihesabu mara ambazo mama yake alipumua.

Alibaki Mushaki. Alilea watoto wote wanne, na wajukuu. Kijiji kilianza kula uyoga wa kijivu, na hadi leo kuna nyumba ambamo siku ya uyoga hakuna anayekaribia mtungi, wala kesho yake. Hawasemi tena mtu wa pori. Alipozeeka, watu walimletea vitunga vyao mlangoni awachagulie, na alivitawanya juu ya jamvi akiwagombeza kwa kuchanganya.

Nilimuuliza mpishi mara mbili kama aliongeza kitu kwenye chungu ili kitoshe. Mara ya kwanza alisema hapana. Mara ya pili, miaka mingi baadaye, alisema, "Ile siku tulikuwa na haraka," akabadilisha mazungumzo. Chungu kilikuwa cha nyumba yake. Huenda kilibeba kitu cha siku nyingine. Au huenda siku moja, mara moja tu, kwenye mvua, jani moja halikufungwa. Mama mdogo alifariki bila mimi kumwuliza.

Daftari ninalo. Kurasa zote zina jina juu, kwa mwandiko wangu wa wakati ule ulionyooka. Ukurasa wa mwisho una mbegu tano zilizochorwa kwa kalamu nyeusi, ukubwa uleule, bila rangi ndani, na neno moja chini: chungu. Nimezitafuta kwenye kila uyoga mweupe niliokutana nao tangu siku ile, Masisi na Walikale. Juu ya ukurasa huo hakuna jina.